Shekhar Mehta: mtoto wa Uganda aliyeshinda Safari mara tano

Mtu akitaka kujua barabara ni kitu gani, asiulize injeniere wa Kinshasa. Aulize shofere wa Fuso anayepanda kutoka Sake kwenda Masisi mwezi wa nne, wakati mvua inapiga na udongo umekuwa kama sabuni. Ama aulize motari anayebeba watu wawili na mfuko wa mchele kati ya Mubi na Njingala. Na kwetu Walikale tuko na ile ajabu ambayo wageni hawaamini: kule Kilambo, kipande cha lami kilikuwa kizuri mpaka ndege ndogo zikakifanya kiwanja chao. Zilikuwa zinashuka juu ya barabara, zinabeba kasiterite, zinaruka, na mwenye moto anangoja pembeni. Lami tulikuwa nayo, ila ilikuwa ya ndege.

Kwa hiyo tukisema kwamba kuna watu waliolipa franga zao wenyewe, wakatafuta matope kwa makusudi, wakapita ndani mbio usiku na mchana, siku nne na zaidi bila kulala vizuri, na mwisho wakapewa kombe, tunajua wengine watacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mashindano yale yaliitwa Safari, na mtu aliyeyashinda kuliko wote wa wakati wake alizaliwa hapa jirani, Uganda. Jina lake Shekhar Mehta. Wazee wetu waliofanya biashara ya Kampala na Nairobi wanalijua jina hilo. Vijana wengi hapana, ndiyo sababu tunaandika.

Alizaliwa mwaka wa 1945, tarehe 20 mwezi wa sita, wakati Uganda ilikuwa chini ya Waingereza. Jamaa yake ilikuwa ya Wahindi, watu waliotoka Gujarat, na si Wahindi wa butiki ndogo. Mehta ni jina la sukari. Mzee Nanji Kalidas Mehta alifika Afrika ya Mashariki akiwa bado kijana, akaanza na biashara ndogo, na katika miaka ya 1920 akafungua mashamba ya miwa na kiwanda pale Lugazi. Shofere yeyote anayebeba mizigo ya Goma kutoka Mombasa anapaona: ukishaacha Jinja, kabla hujafika Kampala, miwa iko kushoto na kuume. Hata madini yetu, yakitoka kwa depo kwenda baharini kupitia njia ya kaskazini, yanapita katikati ya ile miwa.

Tusifiche kitu. Huyu hakuwa mtoto wa shimo. Waliokata ile miwa kwa panga, jua likiwapiga mgongoni, majina yao hayakuandikwa popote, na mtoto wa jamaa ya Mehta hakuuliza bei ya unga. Msomaji wa Rubaya ambaye anabeba mchanga kwa bega ana haki ya kusema: kama mimi ningekuwa na sukari ile, mimi pia ningeshinda. Pengine. Ila watoto wa matajiri wenye kupenda gari walikuwa wengi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wao gari lilikuwa la kutembeza Jumapili tu. Sukari inanunua gari. Haikai kwenye volani.

Alianza kushindana akiwa na miaka 21, na gari lake lilikuwa BMW. Uganda ya wakati ule ilikuwa na rali za klube, na tunaona ni vizuri kueleza kidogo kitu hicho, juu kwetu hakipo. Rali ya klube si mbio ya wote kuanza pamoja na wa kwanza kufika anashinda. Magari yanaondoka moja moja, kila moja kwa minuti yake. Ndani mko wawili: mmoja anaendesha, mwingine, kopilote, ana saa, karatasi na ramani. Njiani kuna vituo vya kontrole ambapo watu wa klube, watu wa kujitolea tu, wanakaa chini ya mti na saa yao. Umepewa minuti kadhaa kutoka kituo kimoja mpaka kingine. Ukichelewa minuti moja, unaandikiwa pointi moja ya kosa. Mwisho wanajumlisha, na mwenye pointi chache ndiye wa kwanza. Hesabu tupu, kama kupima kilo kwa negosiani, tofauti ni kwamba hapa mizani haichezewi kirahisi.

Klube namna hiyo ilikusanya watu wa kila kazi, mwenye garaje, karani, daktari, mwenye shamba, na siku sita za juma walizungumza juu ya siku moja tu. Na wote walikuwa na ugonjwa mmoja: gari unalo, lakini macho yako kwa lingine. Mwenye Volkswagen anaota Peugeot, mwenye Peugeot anaota Ford. Vijana wetu wenye moto za Kichina wanaujua ugonjwa huo. Kijana akipata franga ya koltani leo, kesho ana moto. Na kesho kutwa moto ile haimtoshi tena, anaanza kuulizia bei ya gari ya mkono wa pili. Kwa Mehta nako ilikuwa hivyo. BMW ilikuwa gari nzuri ya lami. Kwa Safari, ambapo ndipo kila mtu wa klube alikuwa anaangalia, lami ilikuwa kidogo.

Safari ilianza mwaka wa 1953, wakati Uingereza ilikuwa inamvika Malkia Elizabeth taji. Wazungu wa Nairobi wakatafuta namna ya kusherehekea, wakaamua kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa gari. Kutoka hapo ikawa ya kila mwaka, na baadaye ikawekwa siku za Pasaka. Na Pasaka, tunavyojua hata sisi huku, ni wakati wa masika. Hawakuchagua kiangazi. Kilometa elfu tano na zaidi, barabara za udongo mweusi unaonata kama gundi, mito iliyokatiza njia, vumbi la kufunga macho pale ambapo mvua haijafika. Na barabara hazikufungwa: ukiwa unashindana, mbele yako unaweza kukuta basi, kundi la ng'ombe, mama na kuni kichwani, ama tembo. Mwaka wa 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka wa 1968, tena saba. Mengine yote yalibaki njiani, kwenye tope, bila magurudumu, motere imekufa.

Hapo ndipo gari la Mehta lilipaswa kubadilika. Wajapani walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba anayeshinda Safari anauza magari Afrika nzima, na Datsun ilikuwa inatuma magari na mafundi wake kila mwaka. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekaa Kenya, alishinda na Datsun 1600. Mwaka wa 1971 wakaleta kitu kingine kabisa: Datsun 240Z. Hii haikuwa gari ya jamaa. Viti viwili, pua ndefu, mgongo unateremka nyuma kama wa samaki, motere ya silinda sita, lita mbili na nusu karibu. Gari ya sport ya kweli, ile ambayo kijana akiiona inapita anasimama. Wengi walisema itavunjika kabla ya usiku wa kwanza. Ikashinda. Herrmann alikuwa wa kwanza, na nyuma yake, wa pili, ndani ya 240Z nyingine, alikuwa kijana wa miaka 25 kutoka Uganda, Shekhar Mehta.

Kuwa wa pili ni kitu kinachouma kuliko kuwa wa ishirini. Mchimbaji aliyefika kwa mshipa wa madini siku moja baada ya jirani yake anaelewa. Mwaka uliofuata, 1972, hakuingia hata kwa wale wa mbele. Hannu Mikkola kutoka Finland alishinda na Ford Escort, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa Ulaya kuja na kuwachukulia wenyeji kombe. Lakini mwaka ule wa 1972 rali haikuwa shida yake kubwa.

Idi Amin alikuwa amechukua utawala wa Uganda mwezi wa kwanza 1971. Mwanzoni mwa mwezi wa nane 1972 alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda wanapaswa kuondoka, na akawapa siku 90. Aliwashtaki kwamba wanakamua uchumi wa nchi. Watu zaidi ya elfu hamsini walitoka. Wengine walikuwa wamezaliwa pale, na wazazi wao pia wamezaliwa pale, na India hawakuijua hata kwa ndoto. Mabutiki, mashamba, viwanda, nyumba zilizo na vitanda na sahani ndani, vyote vikabaki, vikagawiwa kwa askari na watu wa utawala. Kiwanda cha Lugazi nacho kikachukuliwa.

Hatuna haja ya kueleza sana kitu hiki kwa wasomaji wa Masisi. Kuna watu wanaosoma ukurasa huu ambao wametoka Kitshanga, Mweso ama Nyabiondo na godoro kichwani, mtoto mgongoni, mlango wameufunga kwa kufuli ambayo hakuna anayeiheshimu. Mtu akifukuzwa, kitu cha kwanza kinachopotea si mali. Ni ile hakika kwamba kesho utaamka hapa. Na tuseme tena kweli: Mehta hakulala chini ya prelati Bulengo. Alivuka kwenda Kenya, ambako tayari alikuwa na marafiki wa rali na jina lilikuwa linajulikana. Kuna ukimbizi na ukimbizi. Lakini alikuwa na miaka 27, na nchi aliyozaliwa ilikuwa imemwambia kwamba si yake. Kitu alichobaki nacho, ambacho hakuna askari angeweza kukichukua, ni kujua kupitisha gari mahali ambapo gari halipiti.

Siku 90 ziliisha mwezi wa kumi na moja. Miezi mitano baadaye ilikuwa Pasaka ya 1973.

Mwaka huo ulikuwa na maana nyingine: ndio mwaka mashindano ya dunia ya rali yalipoanzishwa, na Safari iliwekwa ndani yake, kwa hiyo kila aliyeshinda Nairobi alihesabiwa duniani pote. Mehta alipanda tena 240Z. Kopilote wake alikuwa Lofty Drews. Mpinzani wake wa karibu hakuwa na gari la adui, alikuwa wa nyumba moja: Harry Källström, Msweden, ndani ya Datsun 1800. Gari la Källström lilikuwa la kawaida zaidi. Wakaenda hivyo siku baada ya siku, mmoja akipoteza minuti hapa, mwingine kule, na nyuma yao wengine wakivunjikiwa mmoja mmoja.

Walipofika mwisho na watu wa klube wakajumlisha karatasi, pointi zilikuwa sawa. Sawa kabisa. Kilometa elfu na elfu za tope na mawe, na minuti za kosa za huyu zilikuwa idadi ile ile ya yule. Kitu hicho hakijazoeleka. Ni kama wachimbaji wawili kutoka mashimo mawili kuleta mifuko miwili, na mizani isisogee hata gramu. Basi ikabidi kufungua sheria. Sheria ilisema: wakilingana, tunarudi mwanzo, tunaangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kuandikiwa kosa lolote. Mehta ndiye aliyechelewa kupata kosa lake la kwanza. Kombe likawa lake. Aliyeshinda, alishinda juu ya vile alivyoendesha katika masaa ya mwanzo, wakati wengi wanafikiri bado ni mapema na hakuna kinachoamuliwa.

Hivi mtu aliyefukuzwa Uganda mwezi wa kumi na moja akawa mshindi wa Safari mwezi wa nne. Sisi tunaona hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, ingawa wengine wanapenda kuhesabu tu ushindi wake wa baadaye.

Na baada ya hapo? Kimya. Miaka mitano bila kushinda Safari. Mwaka wa 1974 alishinda Joginder Singh, fundi na dereva wa Kisingasinga ambaye Wakenya walimwita Simba, na Mitsubishi. Huyu peke yake anahitaji ukurasa mzima. Mwaka wa 1975 ni Peugeot 504, ile ile iliyobeba watu na magunia kwa barabara zetu, ikiendeshwa na Ove Andersson. Mwaka wa 1976 tena Joginder. Mwaka wa 1977 Björn Waldegård na Ford, mwaka wa 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot. Miaka mitano ni mingi kwa mtu wa mchezo. Watu huanza kusema alibahatisha, kwamba bila ile sheria ya kulinganisha asingekuwa kitu.

Gari lililomrudisha halikuwa la sport. Hapa ndipo tunapotaka vijana wanaoota magari wasome taratibu. Lilikuwa Datsun Violet, iliyoitwa pia 160J, kisanduku cha milango ya kawaida, gari ambalo ungeweza kulikuta limeegeshwa mbele ya ofisi ya mwalimu. Motere ya karibu lita mbili, nguvu ilikwenda kwa magurudumu ya nyuma tu. Mafundi wa Kijapani walilikaza kila mahali: resori, chuma cha chini, tangi, taa kubwa mbele. Lakini umbo lilibaki la gari la jamaa. Mwaka wa 1979 Mehta na kopilote wake, Mike Doughty, waliingia nalo Safari. Wapinzani walikuwa pamoja na Mercedes 450 SLC, motere ya lita tano ya silinda nane, gari la rais ukitaka, na ndani yake Mikkola yule yule aliyeshinda mwaka wa 1972. Mercedes ilikuwa ya pili. Violet ilikuwa ya kwanza.

Mwaka wa 1980 Mehta akashinda tena. Mwaka wa 1981 tena. Mara hizo mbili aliyefuata nyuma yake alikuwa Rauno Aaltonen, Mfinland mwenye akili na historia ndefu, ambaye alikuja Safari mwaka baada ya mwaka mpaka nywele zikabadilika rangi, na kamwe hakuishinda. Tunamwonea huruma kidogo Aaltonen. Mwaka wa 1982 alikuja Walter Röhrl, Mjerumani, na Opel Ascona. Röhrl mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia. Huko Kenya alikuwa wa pili. Wa kwanza, kwa mara ya nne mfululizo na mara ya tano kwa jumla, alikuwa Mehta na Violet yake.

Ushindi mara nne mfululizo, gari lile lile, kopilote yule yule. Alifanyaje? Wote waliomfuata walikuwa na mbio kuliko yeye katika kipande hiki ama kile. Mzungu wa Ulaya alizoea vipande vifupi ambapo barabara imefungwa na unakwenda na nguvu zote. Mehta alijua kwamba Safari si kukimbia, ni kufika. Alijua wapi pa kutoa mguu kwa gesi kabla ya jiwe halijaonekana, juu jiwe lile alilikuta miaka kumi nyuma. Alijua tope lipi lina chini ngumu na lipi halina. Rangi ya mawingu juu ya mlima ilimwambia mto gani utakuwa umejaa baada ya masaa mawili. Akiona wenzake wanampita na kupotea mbele kwenye vumbi, hakuwafuata. Mara nyingi aliwakuta baadaye, kofia ya motere iko wazi.

Mashofere wetu wazuri wako hivyo. Yule wa Land Cruiser ambaye abiria wanamlaumu asubuhi kwamba anatembea kama bibi arusi, na magharibi ndiye peke yake aliyefika Walikale.

Tuongeze jambo moja juu ya mke wake. Mwaka wa 1978 alimuoa Yvonne, ambaye naye alikuwa mtu wa rali. Yvonne hakukaa nyumbani kungoja habari. Katika rali nyingi za nje alikaa kiti cha kopilote, na mwaka wa 1981 wakiwa wawili ndani ya Datsun walikuwa wa pili katika rali ya dunia huko Argentina. Kwa wasioelewa: kopilote ndiye anayesoma kona kabla hazijafika. Anasema kushoto, dereva anakata kushoto bila kuona. Bwana aliyeweka maisha yake kwa mdomo wa mke wake kwa kasi ile, tena kwa miaka, na hakuna aliyejuta. Kwenye kare nyingi kwetu bado wanasema mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. Basi.

Baada ya 1982 magari yalibadilika haraka. Audi ilikuwa imekwisha kuleta gari lenye nguvu kwa magurudumu yote manne, na wengine wakafuata. Toyota nayo ikaja na Celica ya turbo, ikachukua Safari ya 1984, ya 1985 na ya 1986. Datsun, ambayo sasa ilijiita Nissan, ilibaki nyuma, na Mehta pamoja nayo. Tunadhani hapo ule ugonjwa wa zamani wa klube ulimrudia, kuwa na gari na kuangalia lingine. Mwaka wa 1986 alilipata: Peugeot 205 Turbo 16, kadogo, kafupi, motere nyuma ya mgongo wa dereva, magurudumu manne yote yanavuta. Lilikuwa moja ya magari makali zaidi yaliyowahi kutengenezwa kwa rali. Katika Safari ya mwaka huo alifika wa nane. Mwisho wa mwaka wakubwa wa mchezo wakayapiga marufuku magari ya namna hiyo kwa mashindano ya dunia, juu ya watu waliokufa Ulaya.

Peugeot ikayapeleka jangwani, kwenye rali ndefu za mchanga. Mehta akaenda nayo. Mwaka wa 1987, katika rali ya Mafarao huko Misri, gari lake lilianguka vibaya. Alikuwa karibu kufa. Alipona, lakini hakurudi tena kushindana. Mtu aliyepita masika ya Afrika ya Mashariki karibu miaka ishirini, mito na ng'ombe na usiku bila kulala, aliangukia mahali ambapo hakuna tope hata tone.

Wengi wakiacha volani wanabaki kusimulia. Yeye alikwenda upande wa wale wenye saa na karatasi. Aliingia katika shirikisho la dunia la mchezo wa magari, FIA, na akafika kuwa rais wa tume inayosimamia rali. Yule kijana wa klube ya Kampala sasa ndiye aliyekaa kwenye meza ambapo sheria za rali zote zinatengenezwa: nani anaingia, gari gani linaruhusiwa, usalama wa watu wanaosimama kando ya barabara unalindwaje. Kazi ya mikutano na ndege, haina vumbi, na hatuna mengi ya kuisema.

Ila katika miaka yake pale kulitokea kitu ambacho hakika kilimgusa. Safari yenyewe ilianza kufa. Barabara wazi, kilometa elfu na elfu, tembo na mabasi, vyote hivyo havikuingia tena katika mchezo wa televisheni ambao wenye makampuni walitaka. Waliifupisha, wakaifupisha tena. Franga zikapungua Nairobi. Safari ya 2002 ikawa ya mwisho katika mashindano ya dunia, na aliyekuwa mkubwa wa rali duniani alikuwa mtu ambaye bila Safari asingekuwa mtu.

Uganda je? Amin alianguka mwaka wa 1979, mwezi wa nne, siku zile zile za Pasaka ambapo Mehta alishinda na Violet kwa mara ya kwanza. Baadaye jamaa ya Mehta ilirudi Lugazi, ikakuta kiwanda kimechakaa na miwa imekuwa pori, ikaanza kujenga tena. Sukari inatoka pale mpaka leo. Shekhar hakurudi kuishi. Maisha yake yalikuwa Kenya, halafu Ulaya.

Alikufa London tarehe 12 mwezi wa nne mwaka wa 2006, akiwa na miaka 60, juma la Pasaka. Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, Naivasha, barabara zimefungwa, siku chache, kilometa za kuhesabika. Tangu wakati huo wamekuja vijana wa Ulaya na Toyota zao, wepesi ajabu. Lakini ile hesabu ya mara tano, hakuna aliyeipita.